Miaka Ishirini Iliyopotea Kichwani

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 61 na nilistaafu mwaka jana. Wajukuu wangu wameniomba niwaandikie maisha yalivyokuwa zamani. Hawataki habari za vita wala za wakubwa, wanataka mambo ya kawaida: tuliamkaje, tulichezaje, barua tuliingojaje. Nimenunua daftari kubwa. Tangu nilipokuwa na miaka kumi hivi mpaka 25, kalamu inakimbia yenyewe. Nikifika miaka ya kulea, kati ya 30 na 50, nakuta ukuta. Najua nilikwenda kazini, nilifua, niliuguza, nililaza watoto, lakini sipati hata siku moja ya kuandika. Tena dada yangu mkubwa amesoma kurasa za mwanzo akaniambia kisa cha kufungiwa nje usiku kwa kupoteza ufunguo ni chake, si changu. Na mwanangu ananicheka kwamba nimeandika kana kwamba enzi zetu hakuna aliyelia. Je, akili imeanza kunitoka? Na nikiendelea, nitakuwa naandika ukweli au ngano?

Jibu: Mama, akili haijakutoka. Nalitanguliza hilo ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Ugonjwa unapoanza kula kumbukumbu za mtu, kwa kawaida huanza na za jana na za asubuhi ya leo. Za ujana ndizo hung'ang'ania mpaka karibu na mwisho. Wewe unalalamikia miaka ya katikati, na umeilalamikia kwa barua iliyonyooka kuliko nyingi ninazopata kutoka kwa watu wa nusu ya umri wako. Yanayonitia wasiwasi mimi ni mengine: kuuliza jambo lile lile mara tatu ndani ya saa moja, kupotea kwenye njia unayopita kila siku, kushika chombo ulichokitumia maisha yako yote usijue ni cha kufanyia nini. Hayo ukiyaona, au wanao wakiyaona kabla yako, nenda hospitali usingoje. Usipoyaona, turudi kwenye daftari.

Kabla ya ukuta wako kuna kilima, na kilima hicho karibu kila mtu anacho. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Francis Galton, alijifanyia jaribio: aliandika maneno kwenye vikaratasi, akawa analifunua moja moja na kunakili kumbukumbu zilizomjia, kisha akajiuliza kila moja ilitoka umri gani wake. Si haba zilitoka utotoni na ujanani. Njia hiyo ililala karibu karne nzima, ikafufuliwa Marekani miaka ya 1970, na mwaka 1986 David Rubin na wenzake wakakusanya matokeo ya watu waliovuka nusu karne. Sura iliyojitokeza ni hii: chini ya miaka mitatu au minne hakuna kitu, baadaye kumbukumbu zinaongezeka, zinajaa kati ya miaka 10 na 30, halafu zinashuka bondeni, halafu zinapanda tena kwa miaka hii ya karibuni ambayo bado ni mibichi. Ukiyaweka hayo juu ya barua yako, yanalingana karibu mstari kwa mstari. Kalamu yako inakimbia kilimani na kukwama bondeni.

Kwa nini kilima kiwe pale? Wapo wanaosema ni kwa sababu ubongo wa kijana una nguvu, wapo wanaosema ni umri ambao mtu anajijenga kuwa nani. Mimi navutwa zaidi na maelezo ya tatu, kwamba ni umri wa mara ya kwanza. Mshahara wa kwanza, chumba chako cha kwanza, mtu wa kwanza kukutetemesha magoti, msiba wa kwanza uliouelewa. Na kuna ushahidi unaonisukuma huko. Mwaka 1998 Robert Schrauf na huyo huyo Rubin waliwachunguza wazee waliohamia nchi nyingine wakiwa watu wazima. Waliohama wakiwa wameshapita miaka 30 walikuwa na kumbukumbu tele za miaka ile ya kuhama. Walipoanza maisha upya, kilima kiliwafuata.

Wewe, kati ya 30 na 50, hukuanza upya. Uliendelea. Hapo ndipo penye jibu la swali lako, na naomba tukae hapo kidogo.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Marigold Linton. Kuanzia 1972, kwa miaka sita, aliandika kila siku mambo yasiyopungua mawili yaliyompata, kila moja kwenye kadi yake, kwa maneno machache. Mwisho alikuwa na zaidi ya 5,500. Kila mwezi alichomoa baadhi ya kadi na kujitahini: je, jambo hili nalikumbuka? Alitarajia kukuta vitu vinafifia, kama rangi ya kitambaa juani. Vilikuwepo vya namna hiyo. Lakini alikuta na kitu kingine cha ajabu zaidi. Alikuwa na kikao cha kamati kilichompeleka mji wa mbali mara kwa mara. Safari ya kwanza aliikumbuka vizuri. Ya pili nayo alikuwa nayo. Kadiri safari zilivyoongezeka, kila kadi aliyoichomoa ilimwacha ameduwaa: vikao anavijua, ukumbi anaujua, wajumbe anawajua, lakini kikao *hiki* kilichoandikwa hapa hakioni. Safari zile zilikuwa zimeshonana zikawa nguo moja.

Sasa fungua daftari lako, Mama, usome vitenzi tu. Nabahatisha, ila sidhani nitakosea. Kurasa za ujana zimejaa *-ka-*: akaniambia, nikakataa, tukaondoka, mvua ikatunyeshea. Hiyo ni sauti ya kisa, jambo moja likisukuma lingine. Ukifika miaka ya kulea, *-ka-* inakauka, na kinachobaki mdomoni ni *nilikuwa niki-*: nilikuwa nikiamka, nilikuwa nikiwafunga kamba za viatu, walikuwa wakigombania dirisha. Au unasema kwa *hu-*, yule mdogo hulia akivuliwa nguo. Lugha yetu imeweka milango miwili kwa wakati uliopita, mmoja wa tukio na mmoja wa mazoea, na watu wengi wanaokuja kwangu wakilia kwamba wamesahau miaka yao wamesimama kwenye mlango wa tukio wakigonga, wakati nyumba nzima iko wazi upande wa mazoea.

Umeniambia "sipati hata siku moja ya kuandika". Ni kweli hutaipata. Siku ya Jumanne ya mwaka fulani, mtoto wa pili akiwa na miaka minne, haipo. Imeyeyuka ndani ya Jumanne mia saba. Lakini soma tena wajukuu walichokuomba: tuliamkaje, tulichezaje, tulingojaje. Hawakukuomba siku. Wamekuomba *hu-*. Wamekuomba hasa kile ambacho miaka ile ya bondeni imejaa, na wewe umekuwa ukikitupa kwa kudhani si kumbukumbu halali kwa sababu hakina tarehe.

Basi, utaingiaje? Kwanza, acha kujiuliza "mwaka 1995 nilifanya nini?" Hilo ni swali baya kuliko yote. Mholanzi Willem Wagenaar naye alijiandikia maisha yake kwa miaka sita, matukio kama 2,400, kila moja likiwa na mambo manne: nini, nani, wapi, lini. Alipojipima, alijifunulia jambo moja tu kwanza aone kama yaliyobaki yatakuja. "Nini" ndiyo iliyomfungulia zaidi, "nani" na "wapi" zikasaidia. "Lini", ikisimama peke yake, karibu haikufungua kitu. Kwa hiyo weka kalenda kabatini.

Chora nyumba. Ile mliyokaa watoto wakiwa wadogo. Kama mlihama, chora zote, kila moja na karatasi yake. Si lazima uwe fundi wa kuchora, mistari tu: mlango huu, dirisha hili, kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta gani. Weka alama mahali swichi ya taa ilipokuwa. Utaona mkono unajua kabla ya kichwa: ulikuwa ukiingia gizani ukaipapasa upande gani? Mlango upi ulikuwa ukilia, na ulikuwa ukiuinuaje kidogo ili usiwaamshe waliolala? Nani alikuwa wa kwanza kuamka, na ulijuaje kwamba ameamka kabla hujamwona? Jibu la swali hili la mwisho mara nyingi ni sauti, na sauti ikija, huja na watu.

Mzee mmoja niliyekaa naye alishikilia kwamba miaka yake ya arobaini imefutika kabisa, alikuwa kazini tu. Nikaiacha miaka yake, nikamuuliza muziki alikuwa akiusikilizia wapi. Kwenye redio kaseti. Iko wapi? Juu ya kabati, upande wa dirisha. Na mkono wake ukainuka ukaelekea huko, ingawa tulikuwa tumekaa uwanjani. Ulikuwa ukirekodije wimbo kutoka redioni? Akaweka vidole viwili hewani, cha shahada na cha kati, akavishusha kwa pamoja, maana kitufe cha kurekodi hakikubali peke yake, sharti kiandamane na cha kuchezea. Kisha akanyamaza. Akanitazama kwa ukali kidogo, akasema kwa sauti ya chini: "Na hapo hakuna kuongea. Ukikohoa, umeingia kwenye wimbo."

Nani alikuwa akikohoa? Binti yake mdogo, alikuwa na pumu. Kulikuwa na kanda moja yenye kikohozi chake katikati ya wimbo, kabla tu ya gitaa. Waliisikiliza kanda ile miaka na miaka, mpaka ikawa kwamba wimbo ule wakiusikia kwingine, kwenye gari la mtu au harusini, familia nzima inatulia kungoja kikohozi ambacho hakipo, halafu wanatazamana. Utepe ulipokuwa ukiliwa na mashine, yeye ndiye aliyekuwa akiuchomoa taratibu kwa kucha, akatafuta kalamu yenye pembe sita, akaichomeka kwenye tundu lenye meno na kuuzungusha mpaka ukaze. Binti amesimama ubavuni, amekatazwa kugusa, ananong'ona kuhesabu mizunguko. Kaseti zile zilitoka mwaka 1963 na leo ziko kwenye makumbusho. Mzee alizungumza dakika arobaini juu ya miaka aliyosema imefutika. Tarehe hakunitajia hata moja.

Tafuta basi redio kaseti yako. Sisemi lazima iwe hiyo. Tafuta kitu kilichokuwa kikihitaji mkono, kikihitaji kungojwa, na ambacho leo hakifanyiki tena. Simu ya mezani ni hazina: ilikuwa wapi, waya wake ulifika wapi, nani alikuwa akikimbilia kuipokea, mlikuwa mkishushaje sauti ili wengine wasisikie, namba ngapi ulikuwa nazo kichwani. (Mimi bado ninazo nne, na wote wanne wenye namba hizo walishafariki.) Saa ya ukutani iliyokuwa ikihitaji kutiwa ufunguo. Kiberiti: kilikuwa kikikaa wapi ili watoto wasikifikie, na walikuwa wakikifikiaje hata hivyo.

Harufu pia. Njia ya harufu kichwani ni fupi, inafika karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, bila kupitia kituo ambacho macho na masikio hupitia kwanza. Watafiti wamekuta kwamba kumbukumbu zinazoamshwa na harufu mara nyingi ni za zamani zaidi, za miaka kumi ya kwanza ya maisha. Kwa hiyo kwa bonde lako la 30 hadi 50 harufu haitakusaidia sana. Itakurusha nyuma zaidi ya unakotaka kwenda. Iache kwa sura za utoto.

Na picha? Angalia picha zako, ila kwa hadhari, na si kwa namna unavyoziangalia siku zote. Filamu ya kamera ilikuwa na picha 24 au 36, ikikaa miezi ndani ya kamera, na hakuna aliyekuwa akipoteza moja kwa ajili ya beseni la nguo. Tulipiga harusi, ubatizo, mahafali, mgeni aliyekuja. Albamu ni kitabu cha *-ka-*, na ndiyo maana ukiitazama unazidi kuamini kwamba maisha yako yalikuwa sherehe sita na giza kati yake. Ila mpiga picha hakuweza kuyazuia mambo ya nyuma yasiingie. Waache watu waliosimama mbele wakitabasamu, tazama nyuma ya mabega yao. Pazia lile ulilishona wewe? Ndoo ile ilikuwa ikikaa pale kwa sababu gani? Kiti chenye mguu uliofungwa kamba, nani alikuwa mzoefu wa kukikalia bila kuanguka? Mama mmoja alinipigia simu usiku kwa sababu ya kitambaa kilichokuwa juu ya televisheni kwenye kona ya picha ya harusi ya shemeji yake. Alikuwa amekisahau miaka ishirini na tano, na nyuma ya kitambaa kile ilikuja kila Jumamosi aliyokuwa akikifua.

Sasa, dada yako na ufunguo.

Usigombane naye. Jambo hili lina historia. Mwaka 2001 Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin walichapisha uchunguzi juu ya mapacha ambao kila mmoja anaapa kwamba tukio fulani lilimpata yeye, na mwenzake alikuwa akitazama tu au hakuwepo. Si mapacha pekee, hata ndugu wa kawaida wanagombea kumbukumbu. Wote wana picha kamili kichwani, wote ni waaminifu, na mmoja wao hakuwepo. Inakujaje? Kisa kinasimuliwa nyumbani mara ishirini. Anayesikiliza hawezi kusikiliza bila kuona, na anachokiona kinahifadhiwa mahali pale pale panapohifadhiwa aliyoyaona kwa macho. Miaka ikipita, lebo iliyosema "hiki niliambiwa" inabanduka, picha inabaki.

Nina yangu ya namna hiyo. Miaka yote nilikuwa nikiisimulia siku yangu ya kwanza shuleni: mtoto mdogo, begi kubwa limefunika mgongo mzima, anatembea kuelekea geti bila kugeuka. Niliipenda kumbukumbu ile. Nilishafika utu uzima, tena nikiwa tayari nafundisha somo hili, ndipo mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, huo mgongo ulikuwa ukiuona kutoka wapi?" Nyani haoni kundule, na mimi sikuwa naweza kuuona mgongo wangu. Aliyeuona ni mama yangu, aliyebaki amesimama barabarani. Ile ilikuwa kumbukumbu yake, nimeivaa kwa kuisikia.

Haraka niongeze: kujiona kutoka nje hakuthibitishi kwamba jambo ni la uongo. Georgia Nigro na Ulric Neisser walionyesha mwaka 1983 kwamba watu hukumbuka kwa namna zote mbili, kwa macho yao wenyewe na kama mtazamaji, na kumbukumbu za zamani ndizo zinazoelekea zaidi kuonekana kwa nje. Lakini ni swali zuri la kujiuliza. Usiku ule wa ufunguo, unaiona wapi nyumba? Unauona mlango uliofungwa ukiwa mbele ya uso wako, baridi iko miguuni? Au unamwona msichana amesimama mbele ya mlango?

Unauliza kama utakuwa unaandika ukweli au ngano. Nitakujibu kwa mtu ambaye kumbukumbu zake zilipata kupimwa. Juni 1973 John Dean, aliyekuwa mwanasheria wa Rais Nixon, alisimama mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani akaeleza mazungumzo yake na rais juu ya kuficha kashfa ya Watergate, kwa urefu na kwa undani uliowaacha watu midomo wazi. Hakujua kwamba rais alikuwa akirekodi kila kitu ofisini mwake. Kanda zilipotoka, Neisser akakaa chini akalinganisha, na mwaka 1981 akachapisha alichokiona. Mazungumzo aliyoyaeleza Dean ya tarehe 15 Septemba 1972 karibu yote hayakwenda vile. Maneno aliyoyaweka mdomoni mwa rais, rais hakuyasema siku ile. Lakini Dean hakuwa mwongo: mambo yaliyokuwa yakiendelea pale, nani anajua nini, wanaficha nini, wanataka nini, aliyaeleza sawasawa. Alichukua yaliyosemwa vikao vingi akayaweka kwenye kikao kimoja. *-ka-* yake ilikuwa na makosa, *hu-* yake ilikuwa kweli.

Kwa hiyo mahali unapoandika "siku moja mama alituambia", jiulize kama ni siku moja kweli. Ikiwa ni jambo alilokuwa akilisema kila wiki, liandike hivyo, "mama alikuwa akituambia". Utakuwa umesema kweli zaidi kwa kusema kwa jumla. Hili ni kinyume cha ushauri wa walimu wengi wa uandishi, wanaotaka kila kitu kiwe tukio moja lenye saa na hali ya hewa. Kwa hadithi, sawa. Kwa unachokifanya wewe, tukio la kubuni likivikwa tarehe ndiyo ngano yenyewe.

Mwanao naye ana hoja, ingawa angeweza kuisema kwa upole. Wahenga walishaliona: mavi ya kale hayanuki. Walker, Skowronski na Thompson walikusanya tafiti nyingi mwaka 2003, na ndicho walichokikuta kwa lugha ya heshima zaidi: hisia zinazoambatana na kumbukumbu hufifia, lakini za uchungu hufifia haraka kuliko za furaha. Ulikumbuka ugomvi na kicheko vyote viwili. Kicheko bado kina joto, ugomvi umebaki habari tu. Kwa watu walio katika sonona mambo huenda tofauti, tofauti ile ya kasi hupungua. Kwako inafanya kazi yake inavyotakiwa, na singependa uikwaruze.

Ila daftari linaweza kusawazishwa bila kujitonesha vidonda. Usijiulize "nilihuzunika?" Hutapata kitu. Uliza mwili. Mgongo ulikuwa ukikuuma saa ngapi za siku? Nani alikuwa wa mwisho kulala, na alikuwa akifanya nini wengine wakiwa wamelala? Mtoto akipandwa na homa usiku, na simu hamna, ulikuwa ukifanya nini kati ya saa nane na alfajiri? Andika mikono ilikuwa ikifanya nini. Mwanao akisoma ukurasa huo, swali la kwamba hakuna aliyelia halitamjia. Na andika vitu ambavyo hutaki virudi. Wazee wakianza "enzi zetu" husahau kwamba nguo za familia nzima zilikuwa zikifuliwa na mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi ndiye anayesimulia.

Kuhusu ile hamu ya zamani yenyewe, inayokushika ukiwa na kalamu mkononi, usiione ugonjwa. Iliwahi kuitwa ugonjwa, kweli. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Johannes Hofer, aliiundia jina, nostalgia, kwa maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu, akieleza watu waliodhoofika kwa kuwa mbali na kwao. Na madaktari wa majeshi waliendelea kuiandika kama maradhi kwa muda mrefu baadaye. Leo tunaiona vingine. Watafiti wa Southampton, Tim Wildschut na Constantine Sedikides na wenzao, walionyesha mwaka 2006 kwamba upweke na huzuni ndivyo vinavyoiita, nayo ikija humfanya mtu ajione yuko karibu zaidi na watu. Umestaafu mwaka jana, nyumba imekuwa kimya. Hamu imekuja pale ilipohitajika. Na tangu 1963 daktari wa akili Robert Butler aliandika kwamba mzee kurudia rudia yaliyopita si dalili ya kuchakaa kwa akili, ni kazi anayoifanya, kazi ya kuyapitia maisha yake. Kabla yake, wahudumu wa wazee walikuwa wakiwabadilishia mada. Kuna mahali bado wanafanya hivyo, na hunikera.

Kama hamu hiyo inakuzuia kuamka kitandani, au kila ukifunga daftari unabaki umevunjika kwa siku nzima, niandikie tena, maana hapo ni jambo jingine.

Mwisho ni la daftari. Andika ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto uache mtupu, kila mara, hata kama unaona ni kupoteza karatasi. Mpelekee dada yako na kalamu ya rangi nyingine, mwambie aandike kushoto usiku ule wa ufunguo anavyouona yeye: alisimama wapi, nani alifungua. Usiufute wako. Halafu mpe mwanao kalamu ya rangi ya tatu, umtafutie zile kurasa za miaka yako ya 30 na 40. Miaka ile iliyo bondeni kwako ni kilima kwake. Alikuwa mtoto, kila kitu kilikuwa kikimpata kwa mara ya kwanza, na pale wewe ulipo na "nilikuwa nikiwalaza", yeye ana usiku mmoja ambao hujui kwamba ulikuwepo.